Kabichi Zangu na Namba za Bwana Shamba

Jumatatu, 18 Agosti
Nimewatangazia wakwe zangu wote: mwaka huu kimchi yetu ya msimu wa baridi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, itatoka kwenye kabichi zangu. Si za jirani Bibi Tak, ambaye kwa miaka tisa ametulisha kabichi nono kama vitoto vya nguruwe. Mama mkwe akasema anataka vichwa sitini. Nikajibu themanini. Mdomo wangu!

Alhamisi, 21 Agosti
Bwana shamba kapima uchachu wa udongo, akatuachia namba. Wangu nne nukta nane, wa Bibi Tak sita nukta saba. Akasema kabichi huteseka kwenye udongo mchachu. Nne ni ndogo kuliko sita, basi mchachu ni wake. Nilimpa pole yule mama. Akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Jumapili, 24 Agosti
Kama nne ni nzuri, tatu ni bora. Nilimuuliza bwana shamba kwa simu nini hushusha namba. Akataja siki, akauliza ya nini. Nilikata simu. Siri! Nimemwaga mtungi mzima wa siki, kisha nikapanda miche. Mke wangu akanusa hewa. "Baba Yeon-ok, unapanda kabichi au unaanza kuzila?"

Ijumaa, 19 Septemba
Kabichi zinalegea kila mchana. Nimeng'oa moja. Mizizi imevimba kama tangawizi. Mavuno mawili, juu na chini! Nilikimbia kumwonyesha Bibi Tak. Alikaa chini kwanza. "Huo ni ugonjwa, Baba Yeon-ok. Namba ikishuka, uchachu unapanda. Wewe umeupalilia." Inashuka halafu inapanda? Nani aliyepanga hivyo? Akanipa mfuko wa chokaa ya kupandisha namba, akasema nitie kiasi, maana ikipanda mno nayo huharibu, tena baada ya kuvuna, maana huu mwaka umeshapita.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimemwaga mfuko wote. Kwa nini nisubiri? Mke wangu alifungua dirisha akadhani theluji imewahi.

Jumamosi, 15 Novemba
Siku ya kutengeneza kimchi kwa mama mkwe. Nilifika na vichwa kumi na kimoja, kila kimoja kama ngumi. Shemeji zangu, mikono imejaa pilipili, walivihesabu mara mbili. Afadhali wangecheka. Ndipo Bibi Tak akaingia na mkokoteni: vichwa themanini. Akamwambia mama mkwe tumelima pamoja, yeye na mimi. Hakunitazama. Nikafuta macho, nikasema ni vitunguu saumu. Mama mkwe alinilisha kimchi kwa mkono wake, mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye.

Jumanne, 18 Novemba
Nilitaka kumwomba Bibi Tak anifundishe, toka mwanzo, kwa unyenyekevu. Nilishavaa viatu. Bwana shamba akapiga simu: kapima tena udongo wangu. Nane nukta tisa! Bibi Tak bado yuko sita nukta saba, maskini. Bwana shamba alikuwa anaendelea kusema kitu, kwa sauti ya msiba, lakini nilishakata simu ili niagize mfuko wa pili. Nataka kumi.