Hotuba ya Bwana Leodgar, Kama Nilivyoisikia Chini ya Meza

Sijamwambia mtu, hata mama. Siku Bwana Leodgar alipozindua kompyuta ya michezo ya vijana hapa Mwisenge, mimi nilikuwa chini ya meza yake, nimeshika kengele ya baiskeli. Alinichagua kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Nimemaliza kidato cha nne bila kunyoosha mkono darasani kwa hiari yangu. Aliniambia kompyuta yenyewe imechelewa njiani kutoka Sirari, kwa hiyo niishikie nafasi kwa muda mfupi tu, kama mtu anavyomshikia mwenzake kiti kanisani. Akigusa shuka, niilize kengele. Ikifika ya kweli, mimi nitakuwa wa kwanza kuicheza. Nikakubali, maana michezo hiyo nilikuwa nimeiona kwenye kipande cha gazeti la Nairobi tulichofungiwa sukari, gari dogo linapita katikati ya nyota, na nilikuwa nimeitamani kuliko nilivyowahi kutamani gauni.

Meza iliwekwa mbele ya mlango wa chumba cha chekechea. Chumba hicho kamati ilikuwa imekifunga tangu mwezi wa pili ili kompyuta ipate pa kulala, na watoto wakawa wanasomea uani, wakihama na kivuli. Nilipitia ndani ya chumba, nikatambaa chini ya meza, shuka likanifunika mpaka chini. Kufuli na ufunguo wake alinipa nivishike, ili sherehe ikiisha nifunge tena. Hotuba ilikuwa hivi, na yale nisiyoyaona nimeyaokota baadaye midomoni mwa watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameleta taarifa kwamba hatafika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye gari lake limekataa kuwaka huko Bunda. Mwakilishi wa huyo mwakilishi, ambaye ni mimi mwenyewe, Leodgar, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kompyuta ya Michezo ya Vijana. Wajumbe wenzangu kutoka Bunda, Butiama na Kiabakari. Mzee wetu Nyamhanga, ambaye leo amevaa viatu. Katekista Keraryo, pamoja na baiskeli yake. Ndugu Burito mwenye duka. Mwalimu Hyasinta na watoto wako wa chekechea, mliokaa juani kwa nidhamu kubwa. Akina mama mliotoka mwaloni na ndoo zenu za dagaa. Ndugu wananchi, mabibi na mabwana, na wale wote ambao sikuwataja ingawa nawaona: itifaki imezingatiwa, na kama haikuzingatiwa niambieni niirudie. Mimi huwaga sisahau mtu. Aliyenipa maji namshukuru, aliyeniazima kiberiti namshukuru, tena mbele za watu, maana ndivyo nilivyolelewa. (Makofi. Mtoto mmoja anauliza kama kuna soda.)

Ndugu wananchi, tumetoka mbali. Nani asiyekumbuka miaka ile ya foleni, tulipokuwa tukiweka jiwe mbele ya duka ili litushikie zamu ya sabuni, na ukirudi unakuta jiwe la mwenzako limesogea mbele? Leo soko ni huria, redio zinauzwa mpaka Kiabakari, na mtu akitaka sabuni anaulizwa anataka ya harufu gani. Katika mazingira hayo wezeshi, na baada ya fizibiliti stadi ya kina iliyofanyika katika hoteli moja hapa mjini, pamoja na chakula, kamati yangu ilibaini kwamba asilimia themanini na saba ya vijana wetu hawajawahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta, na asilimia kumi na tatu waliobaki hawakulielewa swali. Hali hiyo, kiteknikali, haikubaliki. (Makofi.)

Sasa nije kwenye uteuzi wa komponenti, maana kompyuta ya michezo hainunuliwi kama jembe. Inachaguliwa kiungo kwa kiungo, na bajeti yetu ni bajeti ya kujibana, na hapo ndipo uongozi wangu ulipoonekana. Tulianza na kasha. Wataalamu wa Mwanza walitushauri tuchukue kasha dogo ili fedha zilizobaki ziende kwenye prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Nikawauliza: huo ubongo unaonekana kutoka barabarani? Wakafunga madaftari yao. Tukaazimia kasha kubwa kuliko yote, ili hata mtu anayepita kwenda Kamunyonge kununua samaki ajue kwamba hapa kuna maendeleo. Kuhusu kioo, kulikuwa na hoja ya kioo cha rangi. Nikasema hapana, tuko katika vyama vingi, na rangi yoyote itakayotangulia kutokea, kuna watakaosema tumeipendelea. Kioo kitakuwa cheusi na cheupe, yaani kisicho na chama. Feni ya kupoza mashine tuliifuta kabisa, kwa kuwa Mungu ametupa upepo wa ziwa bure, na dirisha tunalo. Kadi ya sauti tuliipitisha bila mjadala, kwa sababu maendeleo yasiyo na sauti hayasikiki mkoani. Na kuhusu mgao wa umeme, kamati iliteua komponenti ambazo hata umeme ukikatika wiki nzima, zinabaki vilevile kama zilivyokuwa. (Makofi. Mzee Nyamhanga anasema, "Hata jiwe langu la kusagia liko hivyohivyo.")

Hoja ngumu ilikuwa ni nani anunue nini. Hapo nilirejea kwenye uzoefu wangu wa kugawa sukari, nilipokuwa karani wa duka la kijiji, ambapo hata ikija kilo moja nilihakikisha kila balozi wa nyumba kumi anaondoka na kijiko chake. Na kama hakuna aliyekunywa chai, basi hakuna aliyeonewa. Kwa utaratibu huohuo tukaigawa kompyuta. Musoma mjini tukawapa ubongo. Bunda tukawapa kioo, kwa kuwa kioo huvunjika na wao wana pamba ya kukifungia. Butiama tukawapa kibodi, kwa sababu ina herufi na wao wana wasomi wengi. Kiabakari, penye wachimbaji, tukawapa nyaya. Kila eneo litanunua kiungo chake, litatunza kiungo chake, na kiungo hicho kitabaki mali ya eneo hilo vizazi na vizazi.

(Mzee Nyamhanga anasimama. "Leodgar mwanangu, ng'ombe ukishamgawa, mguu Bunda, kichwa Butiama, nani atamkamua?" Vicheko virefu.)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zuri na limepokelewa. Litajibiwa na sabkamiti ya mifugo.

Na sasa, ndugu wananchi, tazameni hapa mezani. Chini ya shuka hili mnaona kitu cha mraba, kikubwa, chenye heshima. Sitakifunua, kwa sababu vumbi ni adui wa teknolojia, lakini mtakisikia kwa masikio yenu wenyewe. (Anagusa shuka. Kompyuta inalia: ngriiing. Watoto wanaruka. Katekista Keraryo anageuka kuitazama baiskeli yake. Mama mmoja wa dagaa anasema, "Mbona inalia kama baiskeli?") Kwa sababu zote mbili ni mashine, mama yangu. Tumeiwekea lugha nyepesi ambayo hata mtoto ataielewa: ikilia mara moja imekataa, ikilia mara mbili imekubali. Kompyuta, Mratibu Mkuu amefanya kazi nzuri? (Kimya. Anagusa shuka tena. Kimya. Anaigonga meza kwa goti. Kompyuta inalia mara mbili.) Mnaona, inafikiri kwanza, tofauti na sisi. Ndugu wananchi, mashine hii haina ukoo, haina shemeji, haili mlungula. Itakachosema mbele yenu leo, mimi Leodgar nitakitii, kamati yangu itakitii, na kiingizwe kwenye muhtasari. (Makofi mengi kuliko yote ya asubuhi hiyo.)

(Mwalimu Hyasinta anasimama, mtoto amemlalia begani. "Ndugu Mratibu, kama ni hivyo, tunaomba iulizwe jambo moja. Hawa watoto wako uani tangu mwezi wa pili. Mvua ikija nawabanza ukutani kama kuku. Jana mmoja ameanguka kwa jua. Iulizwe kama hicho chumba inakihitaji.")

Mwalimu Hyasinta, nakuheshimu sana, na mchango wako katika sekta ya watoto unafahamika. Lakini hicho ni chumba cha kimkakati. Kompyuta haiwezi kulala nje kama mtoto. Hata hivyo, kwa kuwa sisi ni watu wa uwazi, tuiulize, na jibu tayari ninalijua. Kompyuta, unakihitaji chumba hiki peke yako? (Inalia mara moja.) Haikusikia. Kuna upepo. Narudia kwa Kiswahili sanifu: je, chumba hiki kiendelee kufungwa kwa ajili yako? (Anaigonga meza kwa goti, mara mbili, polepole, kama anayemfundisha mtu. Kompyuta inalia mara moja.)

("Imekataa," wanasema akina mama wa dagaa. "Imekataa, baba.")

Ndugu wananchi, katika mashine kuna kitu kinaitwa hitilafu ya mpito, ambayo hutokea pale joto la mazingira linapozidi matarajio ya wafadhili, na kwa hali hiyo busara inatutaka tuiache ipumzike hadi kikao kijacho cha kamati, ambacho tarehe yake itapangwa na kikao kitakachokitangulia.

("Upepo wa ziwa si upo?" anasema Mzee Nyamhanga. "Iulize watoto warudi ndani, ama tuiulize sisi.")

Basi, kwa kumheshimu mzee. Kompyuta, watoto warudi ndani? (Inalia mara mbili. Kisha chini ya shuka linatoka kufuli, ufunguo umo ndani yake, linateleza sakafuni mpaka kwenye kiatu cha Mratibu Mkuu.) Hiyo, ndugu wananchi, kitaalamu, inaitwa autiputi. (Mwalimu Hyasinta anasogea, anainama, anaokota kufuli na kulitia mfukoni mwa gauni lake.)

Nihitimishe, maana naona jua limekuwa kali hata kwa upande wa meza kuu. Kauli mbiu zetu ni hizi, na naomba mzipokee kwa nguvu. Kasha kubwa, maendeleo makubwa. (Sauti chache.) Kiungo kimoja, eneo moja. (Sauti moja.) Mgao kwanza, mchezo baadaye. (Mtoto anauliza tena kuhusu soda.)

Na kama nilivyosema mwanzo, mimi huwaga sisahau mtu. Nawashukuru wananchi wa Bunda, ambao wameahidi kununua kioo mara tu watakapouona ubongo wa Musoma. Nawashukuru wananchi wa Musoma, ambao watanunua ubongo mara tu watakapoiona kibodi ya Butiama. Nawashukuru wananchi wa Butiama, ambao kibodi wataileta siku hiyohiyo watakapoziona nyaya za Kiabakari. Na Kiabakari nawashukuru kipekee, kwa msimamo wao kwamba hawatanunua waya hata mmoja kabla hawajakiona kioo cha Bunda. Huo ndio mshikamano. Namshukuru Ndugu Burito kwa kreti zake za soda zilizo juu ya meza hii chini ya shuka, ambazo anaomba zisiguswe. (Watoto wote wanasimama.) Namshukuru mke wa Burito kwa shuka. Namshukuru Katekista Keraryo kwa kengele ya baiskeli yake, ambayo nilikuwa na nia kabisa ya kumwomba. ("Nilijua," anasema Katekista Keraryo. "Mimi kengele yangu naijua.") Na mwisho kabisa, kwa vile mimi simwachi mtu nyuma, namshukuru binti mmoja mnyamavu, mwenye adabu, ambaye alikubali kujikunja hapa chini tangu asubuhi, naye si mwingine bali ni

(Kompyuta inalia. Inalia tena, na haikomi. Mratibu Mkuu anapaza sauti, lakini jina halisikiki. Watoto wanaikimbilia meza, wengine wanafuata soda na wengine wanafuata chumba chao. Shuka linaanguka.)

Nilitoka katikati yao, nimebeba kitoto kimoja mgongoni kama mtu aliyetumwa kukibeba. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Mimi nimezoea kutotazamwa, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Watoto wako ndani mpaka leo. Ukipita asubuhi utawasikia wakihesabu. Kompyuta sijaiona. Kile kipande cha gazeti bado ninacho, na gari bado liko palepale katikati ya nyota. Kengele niliirudisha kwenye baiskeli Katekista alipoingia kanisani, ila skrubu moja ilibaki chini ya meza na sikuipata. Ukimsikia akipita Mwisenge na kengele inayochezacheza, usimwambie kwa nini.

Ninayemwogopa ni Bwana Leodgar. Kila tukikutana sokoni namwona anavyosogea, anakohoa, anatafuta watu wa kumsikiliza anishukuru mbele yao, na mimi nakimbilia upande wa mahindi. Wewe huna deni la shukrani kwangu, ndiyo maana nimekwambia. Nakuomba sana, lisitoke hapa.