Simu Hazimjui Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu ameunda programu ya simu! Naandika hata mkanda wa kupimia sijauvua shingoni. Inatunza vipimo vya wateja wa sisi mafundi cherehani: kiuno, bega, urefu wa mkono, vyote. Kichwa hicho kakirithi kwangu. Baba yake hata saa ya ukutani humshinda. Nimewaalika mafundi wote wa mtaani waje Ijumaa kuiweka kwenye simu zao. Muuza vitambaa, anayemtaja mwanawe mfamasia hata ukimuuliza bei ya uzi, nimemwalika mara mbili.

Jumanne, 4 Machi
Simu yangu imeikataa. Eti mtengenezaji hajathibitishwa. Hajathibitishwa vipi, na mimi nimemzaa? Binti kaeleza: kampuni yenye mfumo wa simu siku hizi inataka kila mtengenezaji ajisajili kwa kitambulisho, ndipo programu yake ipate muhuri. Bila muhuri, simu hufunga mlango. Wakubwa wana mawakili wa kuhangaikia hayo. Yeye yuko peke yake kwenye meza yangu, kati ya pasi na mabaki ya vitambaa. Ameshaomba. Kasema, mama, tulia tusubiri. Mimi na kutulia wapi na wapi.

Jumatano, 5 Machi
Binti kaenda kuoga, kompyuta kaiacha wazi. Ombi lake limefika hatua ya pili: kampuni sasa inataka picha ya uso na ya kitambulisho. Nimeweka zangu. Pua ni ile ile, na yangu ilipigwa studio. Nikaongeza kwa adabu: mimi ndiye mama mzazi, lolote niulizeni.

Alhamisi, 6 Machi
Kampuni imejibu. Uso na jina havilingani, ombi limefutwa, aanze upya. Binti hakula. Alisema tu, kwa upole, kwamba yeye alikuwa anathibitisha kuwa yeye ni yeye, na mimi nimethibitisha kuwa yeye ni mimi. Kutwa nzima sindano haikunitii. Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wamejaa. Binti kasema asiyethibitishwa huruhusiwa simu chache tu za majaribio, kwa hiyo tuwape mafundi. Nikamtanguliza muuza vitambaa, ajionee. Halafu dada yake. Halafu mfamasia mwenyewe. Nafasi zikaisha. Mafundi wakaondoka mikono mitupu. Mmoja akaniuliza mlangoni, mwenzangu, siku hizi dawa nazo hupimwa kiuno? Nikajifanya natafuta mkasi. Binti hakucheka.

Jumapili, 9 Machi
Ombi jipya limekwenda, kwa uso wake mwenyewe. Kaniapisha nisiiguse kompyuta. Sijaigusa. Nimetumia simu yangu. Nimewapelekea kampuni picha yake ya uchangani, yuko kwenye beseni, wamjue tangu mwanzo. Hapo watakataa nini tena? Mafundi nimeshawapa habari: Jumamosi hii, saa kumi jioni, kila mtu na simu yake. Muuza vitambaa nimemwekea kiti cha mbele.