Ngumi ya Mkurugenzi

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia Jumatatu rufaa zote za uhamisho zitaamuliwa kwa jiwe, karatasi na mkasi. Kamati ya wajumbe kumi na wanne ilikuwa imefanya utafiti wa kina, katika hoteli nzuri, ikabaini kwamba watoto humaliza ugomvi wao hivyo papo hapo, tena bila posho ya kikao. Atakayeshindwa ataripoti kituo cha uhamisho ndani ya siku saba, hata awe nani.

Mpiga chapa wa idara aliichapa bila kupepesa macho. Miaka kumi na tisa kazini ilishamzoesha. Iliyomshtua ni barua ya pili, maana ilimhusu mwenyewe: kituo cha mbali, siku mbili kwa basi. Na nyumbani alikuwa na mama yake aliyepooza, ambaye yeye ndiye humlisha kwa kijiko asubuhi na jioni. Akakata rufaa, akapangiwa kucheza na Mkurugenzi.

"Dada, jiandae tu kufunga mizigo," tarishi alimwambia. "Yule bwana hajashindwa hata siku moja."

Ni kweli. Watumishi sita walishacheza naye, na wote sita walitoa mkasi, kwa heshima, ili jiwe la mkubwa lipate cha kuponda.

Lakini mpiga chapa ndiye aliyechapa nyaraka zote za idara. Waraka mmoja ulimkataza afisa mwandamizi kukunjua kiganja mbele ya walio chini yake, asije akadhaniwa anaomba hongo. Mwingine ulimkataza kuinua vidole viwili, kwa kuwa hiyo ni alama ya siasa. Mkurugenzi alizisaini mwenyewe, huu kabla ya chakula cha mchana, huu baada ya chakula. Hakuna aliyekaa akazisoma pamoja.

Siku ikafika. Afisa utumishi akahesabu hadi tatu. Ngumi ya Mkurugenzi ikashuka. Kiganja cha mpiga chapa kilikuwa wazi.

"Karatasi," afisa utumishi alisema, kwa sauti ya mtu anayeaga kazi yake. "Imefunika jiwe, mheshimiwa."

Mkurugenzi alimgeukia mpiga chapa. "Wewe mama, unajua unacheza na nani?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimetoa karatasi."

"Basi na mimi nakata rufaa."

"Ni haki yako, mheshimiwa," afisa utumishi alisema, akifunua kanuni. "Mnarudia sasa hivi. Kwa utaratibu uleule."

Mlangoni idara nzima ilikuwa imejazana. Mpiga chapa alikunjua kiganja mapema, kabla hata ya kuhesabiwa, asije akaambiwa amemvizia mtu. Mkubwa akakitazama kile kiganja. Akawatazama watumishi wake. Akavitazama vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, kisha akakunja ngumi.