Kiholanzi Changu cha Siku Sita

Jumapili, 10 Agosti 2025

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kibugu, waliopo na watakaozaliwa: leo saa tisa alasiri, mimi Ngari, mkulima wa majani chai, miaka hamsini na tatu, meno ishirini na saba, nimeteuliwa mkalimani wa Kiholanzi.

Sababu ni Purity, binti wa dada yangu Nelius. Jumamosi anakuja kuposwa na Mholanzi aitwaye Joost. Joost ataleta mama yake na mjomba wake. Wote wawili hawana Kiingereza, ila cha kuombea chai.

Shida ni shemeji yangu Njeru, baba yake Purity. Amesema hapokei mbuzi hata mmoja mpaka asikie kwa kinywa cha mama huyo kwao ni wapi na wanaishi kwa kazi gani. Asiposikia, warudi na mbuzi wao. Na desturi yetu inajulikana: bwana harusi hajisemei, bibi harusi hukaa chumba cha nyuma mpaka aitwe. Basi nani atafsiri?

Kwenye kikao cha familia, Gachoki, mdogo wake Njeru, akainua mkono. Aliwahi kuwa dereva wa Mholanzi mmoja mkulima wa maua, huko Naivasha. Kabla hajafungua mdomo nikasema mimi nakijua Kiholanzi. Hata mimi nilishangaa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimenunua bando. Nimepata mtandaoni somo la kwanza: nchi na watu wake. Ajabu kubwa! Uholanzi kwao ni Nederland. Mtu wake ni Nederlander. Lakini akiwa mwanamke ni Nederlandse! Mjerumani ni Duitser, dada yake Duitse. Kila taifa lina milango miwili, wa sebuleni na wa jikoni. Sisi Mkenya ni Mkenya, avae suruali avae sketi. Kumbe kwao mimi ni Keniaan, na mke wangu Ruguru ni Keniaanse.

Nikakimbia jikoni kumpa habari. Akauliza kama huyo Keniaan anaweza kumletea Keniaanse kuni.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekariri nchi kumi na nne nikikamua. Spanje. Griekenland. Hongarije. Zwitserland. Nilipofika Oostenrijk ng'ombe akapiga ndoo teke. Ni Austria tu, jamani!

Kwenye kituo cha majani chai, Gachoki aliniuliza mbele ya watu Waholanzi husalimianaje asubuhi. Sijafika somo hilo. Nikamjibu kwa sauti nzito: Griekenland. Watu wakaguna kwa heshima. Gachoki akasema bosi wake hakuwahi kusema hivyo. Nikamwambia alisikia Kiholanzi cha maua. Akanitazama kama karani anayekagua majani mabovu.

Ijumaa, 15 Agosti

Silaha iko tayari. Waar komt u vandaan? Yaani, unatoka wapi? Nimelisema mara mia, mpaka kuku wamelizoea. Ruguru alikuwa akichagua maharagwe meusi ya njahi. Bila kuinua kichwa akauliza: na akijibu?

Nikamwambia asinivuruge.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja. Warefu! Mjomba aliinama mlangoni kama anaingia kwenye banda la sungura. Wazee wamejipanga, uji umemiminwa, mbuzi wanalia nje.

Nikasimama. Kwanza nikawasalimia kwa heshima zote, nikimnyooshea kila mgeni kidole: Nederlandse! Nederlander! Nederlander! Wakaitikia kwa kichwa mmoja mmoja, kama walioitwa kwenye rejista. Wazee wakapiga makofi. Gachoki hakupiga. Kisha nikafyatua swali langu.

Mama akang'aa uso, akaanza kujibu. Na akaendelea kujibu! Dakika kumi. Nilikuwa nimejifunza kuuliza. Kujibiwa hakukuwa kwenye mpango. Akainua mkono juu ya kichwa. Akachezesha kiganja kama samaki. Akasukuma hewa kwa mikono miwili kama anayefukuza kuku. Akainama, akagusa sakafu. Akamaliza. Wote wakanigeukia.

Nikakohoa. Nikasema: mama anasema kwao ni shambani. Ila baba yake alipozaliwa, shamba hilo lilikuwa bahari. Samaki walipita hapo palipo na jiko lake. Watu wakajenga ukuta, wakaitoa bahari, wakapanda viazi.

Gachoki akaruka juu, akasema huu ni uongo wa kupimwa kwa gunia, mtu hawezi kuiambia bahari isogee. Njeru akaweka chini kikombe cha uji. Uso umefunga kabisa. Akasema kama anachezewa akili nyumbani kwake, mbuzi wafunguliwe waende. Nikamwona Nelius amejishika kifua.

Ndipo Njeru akaagiza Purity atolewe chumba cha nyuma kabla ya wakati wake. Purity akasimama mlangoni, akazungumza na yule mama, akatugeukia. Akasema: Mjomba Ngari amesema kweli. Yote.

Nikakaa bila kukaribishwa.

Njeru akauliza polepole: na hayo maji hayarudi? Mama akajibu, Purity akatafsiri: yanataka kurudi kila siku. Kuna mitambo inayoyavuta usiku na mchana. Wakilala wote, bahari inaingia.

Njeru akachukua tena kikombe chake cha uji. Kisha akasema: watu wanaolinda shamba hivyo hawatashindwa kulinda mtoto wangu. Leteni mbuzi.

Jumapili, 17 Agosti

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo ukweli ni huu. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa Nederland. Samaki nilimwona mkononi mwake. Nilidhani ni watu wa kuvua, na Njeru hawezi kumpa binti mtu asiye na shamba. Basi shamba nikaliweka mimi, na bahari nikaiondoa mimi, maana ilikuwa imekaa mahali pa shamba. Kumbe kuna watu walishafanya! Leo nimesimama kati ya michai yangu, hapa ambapo maji hujishukia yenyewe kutoka mlimani, nikawaza samaki wakipita jikoni kwa Ruguru. Nywele zikanisimama.

Purity anajua. Jana wakati wa kunawa mikono aliniuliza kitu kwa Kiholanzi. Nikamjibu Zwitserland. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaapa hatasema.

Nimejifunza: unyenyekevu.

Mchana Njura, mkazi wa Kanja, amepiga simu. Sifa zangu zimefika. Binti yake Maxine analeta mchumba kutoka Hungaria, na wazazi wanataka kujua kwao huyo mchumba ni wapi. Nimemwambia atulie. Hongarije naijua tangu Jumatano.