Taji la Mifuko ya Simenti

Jumatatu, 9 Juni
Habari kubwa. Maman Nyirahabimana amekarabati nyumba yake ya wageni hapa Kamembe na anataka msanii wa kupamba ukuta wa mapokezi. Ukuta mmoja, msanii mmoja. Atachagua Jumamosi. Mimi, Uwineza, mtengenezaji wa mapambo ya kike kwa vitu vilivyotupwa, nimeusubiri ukuta kama huo miaka kumi na moja, tangu nilipovuka kutoka Bukavu. Umurerwa naye ameomba. Na vikapu vyake! Tangu lini kikapu kikawa wazo?

Ila nina silaha. Isimbi, binti wa dada yangu, amechumbiwa na Shema, mtoto wa Maman huyohuyo. Isimbi ndiye atakayevaa kazi yangu. Mama gani atamtazama mkwe wake mtarajiwa, kisha achague kikapu?

Jumatano, 11 Juni
Mkufu wa spoki za baiskeli, tayari. Herini za vifuniko vya soda, tayari. Kichwani patupu. Nimekumbuka urugori, lile taji la bua la mtama ninaloliona kwenye picha za zamani. Zuri mno. Nitalisuka upya kwa mifuko ya simenti. Uanamke na ujenzi! Nilikaribia kulia.

Alhamisi, 12 Juni
Jirani yangu Védaste, fundi mwashi, ameniletea mifuko kutoka kiwanda cha simenti cha Muganza. Akasema niioshe kwanza, "vumbi ya simenti inachoma muntu." Nikamweleza kwamba vumbi ndilo ukweli wa kazi yenyewe. Akaona mchoro wa taji, akaanza kuuliza kama Isimbi tayari... Nikamkata. Akasema kuuliza si ujinga. Kwa waashi, labda.

Ijumaa, 13 Juni
Taji limekamilika. Nimeandika na kibao cha kazi, kwa herufi kubwa: ISIMBI, JINSI NINAVYOMJUA MIMI.

Jumamosi, 14 Juni
Balaa. Isimbi aliingia na ukumbi ukanyamaza. Nilidhani ni sanaa. Maman akasoma kibao mara mbili, akamtazama mwanawe, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha: "Na mutoto iko wapi?"

Nikajibu kwamba kila mtazamaji atamwona mtoto wake mwenyewe. Shema akakaa chini. Shangazi zake wawili wakachukua mikoba yao. Ndipo Umurerwa, akiwa na furaha asiyoificha, akaninong'oneza kwamba urugori huvaliwa na mwanamke aliyekwisha kuzaa. Kumbe nimewatangazia wakwe, tena kwa maandishi, kwamba Isimbi ana mtoto aliyemficha.

Niliogopa kweli. Isimbi anampenda yule kijana. Nikakimbilia kibao nikigeuze.

Isimbi akanitangulia. Alivua taji, akapiga magoti, akamvika Maman, akasema nyumba hii mama ni mmoja na amekuja kumpa taji lake. Maman akalia. Kisha akacheza. Shangazi wakarudisha mikoba chini. Maman akalivaa taji mpaka saa kumi na moja jioni, uani, juani, jasho likimtiririka.

Jumapili, 15 Juni
Maman ametokea kanisani na kitambaa kilichofungwa hadi kwenye nyusi. Chini yake, wanasema, kuna upele kutoka sikio hadi sikio. Harusi iko palepale. Ukuta amepewa Umurerwa. Vikapu kumi na viwili, vyote visafi.

Mchana Isimbi akanijia. Amenisamehe, ila kwa sharti: "Tantine, kichwa yangu usiiguse tena mpaka siku nitakufa." Nikaapa. Nikalia kidogo, maana mtoto huyu nusura nimharibie maisha.

Baada ya kuondoka nikafikiri vizuri. Miguu hakuitaja.

Viatu vya bibi harusi! Nimekwenda kwa Védaste kuomba mifuko mingine, na misumari ya bati. Alinitazama, akaanza kuuliza jambo. Nikamkata.