Kikohozi cha Heshima

Jumanne, 4 Machi
Nimefika Lisbon na begi moja na siri moja. Mkahawa wangu kule Coimbra una meza tisa na nzi watatu. Ng'ambo ya kichochoro, kwa Anselmo, watu wanasimama hadi mlangoni. Nisipopata mwimbaji kabla ya Jumamosi, nafunga. Nimemwambia Anselmo nakwenda kumzika shangazi. Akanipa pole, mnafiki!

Jumatano, 5 Machi
Nimempata! Graciete, mhudumu wa mkahawa mdogo hapa Lisbon, mtaa wa Alfama. Anagawa sardini huku akiwatania wateja, kisha anafuta mikono kwenye aproni, anaimba fado, zile nyimbo zetu za majonzi. Mpiga gitaa ni mpishi mwenyewe! Nililia, sioni haya. Wimbo ulipokwisha watu wakapiga makofi. Washamba! Sisi wa Coimbra hatuipigii fado makofi. Tunasafisha koo, kwa heshima. Nikakohoa mara tatu, kwa moyo wote. Graciete akaja mbio na chai ya limau. Akasema, mzee wangu, kifua hicho kimechakaa, kunywa kabla hujatuachia maiti. Wengine hawakuletewa. Amenipenda!

Alhamisi, 6 Machi
Nimezidisha kikohozi. Nimeletewa asali. Mpishi Horácio akauliza kama nimeshaandika wosia, maana anataka viatu vyangu. Wote wakacheka. Nikakohoa kuonyesha nimefurahi. Wakanihamishia meza ya mlangoni, penye hewa. Bila shaka ndiyo ya waheshimiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nani kakaa meza ya mbele? Anselmo! Eti naye kaja kuzika shangazi. Mtu wa Coimbra mzima anapiga makofi! Nikakohoa kumzidi. Graciete akanishika mkono, akasema niende hospitali jamani, wenzangu wanasikiliza. Nikamwomba haraka aje kuimba kwangu kesho. Akasema pole, mzee wangu, wewe kesho ulale. Na tayari amemkubalia yule bwana mchangamfu wa makofi.

Jumamosi, 8 Machi
Coimbra. Nimejipenyeza kwa Anselmo, kofia hadi puani. Graciete akaimba. Alipomaliza, ukumbi mzima ukakohoa! Akaduwaa. Kisha akashika kifua, macho yakinitafuta. Akaniona. Akaanza kuja kwangu, akicheka na kulia pamoja. Lakini mimi nilishajifunza! Nikasimama, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Wazee wakanishika kola, wakauliza kama mama yangu hakunifunza adabu. Wakanitupa nje.

Kesho nakwenda Porto kutafuta mwimbaji mwingine. Sijui huko wanasifuje. Nitakohoa na kupiga makofi kwa pamoja.