Sumaku, Uji na Chungu cha Miguu Mitatu

Jumatatu, 8 Julai
Mdogo wangu Galeboe, salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Goti limepoa? Baridi ya huko Francistown inakuumaje? Sisi hapa Kanye wazima, ila mimi nina vita. Nitakuandikia kidogo kila siku, kisha nikutumie zote kwa pamoja.

Vita yenyewe: mkutano wa akina mama wa kanisa ni mwisho wa mwezi. Mkuu wa jiko ni mimi, miaka kumi na moja sasa. Leo kwenye kamati Mma Boikanyo kasimama na boksi mkononi, kama Musa na mbao zake. Ati wageni watachoshwa na uji mchachu wa mtama hadi lini? Wapewe vile vipande vikavu vya mahindi, vya kumwagia maziwa. Boksi limeandikwa kuwa ndani mna madini ya chuma. "Uji wako una nini, mma, zaidi ya kuchacha?" Wakacheka! Hata Sista Onalenna wa zahanati, niliyemdhani wangu. Jumapili wataamua chakula na mkuu wa jiko.

Chuma ndani ya chakula! Uongo mtupu. Nitamuumbua.

Jumanne, 9 Julai
Nimeipasua redio ya marehemu mume wangu. (Mungu amrehemu. Nayo haijasema neno tangu tumzike.) Nyuma ya spika mna sumaku nzito. Imevuta kijiko, ikanibana kidole.

Boksi nimelinunua kwa siri, nikalificha chini ya shali. Nikaviponda vipande kwenye bakuli la plastiki, nikatia maji ya moto. Sumaku nikaifunga katika mfuko mweupe, nikakoroga kwa muda wa kuimba tenzi mbili nzima na pambio zake. Nikatoa. Hapana kitu! Nikashangilia.

Kisha nikavaa miwani.

Galeboe, unga mweusi! Mwembamba, umesimama kwenye mfuko kama ndevu za kijana. Nikisogeza sumaku, unaifuata kama vifaranga na mama yao. Ni chuma, cha kweli! Nimekaa kuuangalia mpaka chai ikapoa. Bwana huficha mambo mahali pa ajabu.

Ila sasa nimuumbue nani?

Jumatano, 10 Julai
Nimepata! Ni vumbi la mashine za kiwandani! Nikakimbilia kwa Sista Onalenna: jamani, tunalishwa misumari. Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Ati chuma kinatiwa makusudi, laini kabisa, kinayeyuka tumboni, damu inakihitaji. Akanipongeza kwa kumthibitishia Mma Boikanyo maneno yake.

Nikarudi nimenuna. Nikajaribu unga wangu wa mtama kwenye bakuli lile lile. Hakuna. Nikauombea. Hakuna.

Ijumaa, 12 Julai
Haleluya! Leo sikutumia bakuli. Uji nimeukoroga mlemle ndani ya chungu changu cha chuma cha miguu mitatu, kwa nguvu zangu zote, nikikwangua mpaka chini. Sumaku imetoka nyeusi tititi! Mara tano ya boksi! Kwa nini chunguni kimo na kwenye bakuli hakimo, sijui. Neema haiulizwi maswali.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya ibada nimewaonyesha. Nikakwangua, nikatoa sumaku, ukumbi mzima ukasema ah! Nikainua mkono kama mhubiri.

Mma Boikanyo akaomba chungu kwa adabu. Kakiosha. Katia maji matupu, kakwangua kwa mwiko wa bati, katumbukiza sumaku. Nyeusi tititi. "Basi na maji ya bomba yana chuma, mma? Unakula chungu chako!" Kuna waliolia kwa kucheka. Mke wa mchungaji alishikilia ukuta.

Sista Onalenna ndiye aliyewanyamazisha. Kasema msicheke, uji mchachu ukichemka ndani ya chungu cha chuma hunyonya chuma chake kidogo, na wanaoula hupata damu. Kamati ikanong'ona. Ikaamua: wageni watakula uji, wa mtama, mchachu, na upikwe ndani ya chungu kile kile. Nikapiga vigelegele!

Mkuu wa jiko: Mma Boikanyo, kwa kuwa anajua kupima mambo.

Chungu kimechaguliwa. Mimi nitaosha vyombo.

Jumatatu, 15 Julai
Nimelala nikawaza, nimeamka nimepona. Mkuu mpya wa jiko kaagiza chumvi ya pakiti. Nimeisoma pakiti: ati ina madini joto, yaani iodini. Madini! Na madini ni madini. Sumaku nimeikoroga chumvini tangu asubuhi, haijashika hata punje. Safari hii kweli kaingia mtegoni! Jumapili nitasimama mbele ya wote.

Galeboe, jaribu chumvi ya huko kwenu, kisha unijibu upesi, kabla ya Jumapili.

Dada yako,
Mma Kesaobaka